Ahadi ni Deni: Safari ya Ramallah na Abu Dis

Daraja tulilovukia lina majina matatu. Wajordani wanaliita Daraja la Mfalme Hussein. Waisraeli wanaliita Allenby, kwa jina la jenerali Mwingereza aliyeitwaa Jerusalem mwaka 1917. Wapalestina wanaliita Al-Karama, yaani heshima. Nilichungulia dirishani kuutafuta Mto Yordani, mto niliousikia tangu utotoni kule Tanga, madrasani na kwa majirani zetu Wakristo. Nikaona mfereji mwembamba wa maji ya kahawia, umejificha kwenye matete. Kabla sijautazama vizuri, basi lilikuwa limeshapita.

Ilikuwa Novemba 2022. Upande wa pili nilikaa kwenye benchi saa tatu na zaidi. Afisa kijana wa Kiisraeli aliniuliza naenda wapi, namjua nani, kwa nini Mtanzania aache bahari yake aje kwenye vilima hivi. Mwishowe nikapewa kikaratasi cha samawati chenye picha yangu, kisichozidi ukubwa wa kadi ya kliniki, nikaambiwa nisikipoteze. Pasipoti yangu haikugongwa muhuri. Ruhusa yangu yote ya kuwapo nchini ilikuwa ni kile kikaratasi, nami nikakitia kwenye mfuko wa shati, karibu na moyo, kama mtu aliyebeba dawa.

Yeriko nilipanda teksi ya manjano ya abiria saba, wenyewe wanaiita sarvisi, nayo ni daladala kwa kila hali isipokuwa hakuna anayesimama. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja aliyetoka Amman kumtazama mjukuu mchanga. Alinieleza kwamba kwa mtu wa Ukingo wa Magharibi daraja lile ndilo mlango wa dunia. Anayekwenda Makka hupita pale. Anayekwenda kutibiwa hupita pale. Hata mjumbe anayekwenda New York kuwaambia mataifa kwamba Palestina ni dola, lazima kwanza aruhusiwe na Israeli kutoka.

Neno hilo, dola, alilitamka dawla, na sikio langu la pwani likalidaka papo hapo. Siku zote nilizokaa huko maneno yaliniangukia hivyo hivyo: haki, ardhi, sulhu, zeituni. Nilikwenda kuandika juu ya diplomasia, lugha ngumu ya wanasheria na mabalozi, nikakuta nusu ya msamiati wake nimeukulia.

Njiani tulipita mabango mekundu yenye maandishi ya Kiebrania, Kiarabu na Kiingereza, yakiwaonya raia wa Israeli kwamba barabara ile inaingia Eneo A na kwamba kuingia ni hatari kwa maisha yao na ni kinyume cha sheria yao. Mabango hayo ni watoto wa makubaliano ya Oslo. Mapema mwaka 1993, wakati wajumbe rasmi walipokuwa wamekwama Washington, Wapalestina na Waisraeli wachache walianza kukutana kwa siri nchini Norway. Ahmed Qurei aliongoza upande wa PLO, yaani Shirika la Ukombozi wa Palestina, na Waisraeli wa kwanza walikuwa wasomi wawili, Yair Hirschfeld na Ron Pundak. Tarehe 13 Septemba mwaka huo, kwenye bustani ya Ikulu ya Marekani, Mahmoud Abbas wa PLO na Shimon Peres wa Israeli wakatia sahihi, Yasser Arafat, kiongozi wa PLO, na Yitzhak Rabin, waziri mkuu wa Israeli, wakapeana mikono.

Makubaliano ya pili, ya Septemba 1995, ndiyo yaliyoigawa ardhi vipande vitatu. Eneo A liko chini ya Mamlaka ya Palestina. Katika Eneo B Wapalestina wanaendesha mambo ya kiraia, lakini usalama uko mikononi mwa Israeli. Eneo C, karibu asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi, liko chini ya jeshi la Israeli kwa usalama, ardhi na ujenzi. Mpango ulikuwa wa muda tu, miaka mitano, umalizike Mei 1999 kwa makubaliano ya mwisho. Nilipopita mimi miaka 23 ilikuwa imeongezeka juu ya ile mitano, na mabango yalikuwa yamepakwa rangi upya.

Mwenyeji wangu Ramallah alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia. Mimi nilimwita Ustadhi, yeye akaniita mwanangu. Asubuhi ya kwanza alinimwagia mafuta ya zeituni kwenye kisahani, akakimega kipande cha mkate, akachovya, akanipa kwa mkono wake. Mafuta yalikuwa ya kijani, mazito, yakawasha kidogo kooni. Yalitoka kwenye miti ya babu yake, kijijini, lakini miti yenyewe iko Eneo C, jirani na makazi ya walowezi wa Kiisraeli. Ili kuichuma inabidi uratibu upitie jeshini, na mwaka ule alipewa siku tatu.

"Siku tatu kwa miti arobaini," aliniambia. "Mwaka mwingine mbili. Tunachuma mpaka giza, tunaziacha za juu."

Tarehe 11 Novemba alinipeleka Muqata'a, ngome iliyojengwa na Waingereza enzi za utawala wao, ambayo leo ni ofisi ya rais. Ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha Arafat, aliyefariki Ufaransa mwaka 2004 baada ya kuzingirwa na vifaru kwenye majengo hayohayo kwa zaidi ya miaka miwili. Kaburi lake liko ndani ya chumba cha mawe na vioo chenye upana wa mita 11 kila upande, maji yamelizunguka, askari wawili wamesimama kimya. Watu walipanga foleni kimyakimya, wengi na watoto. Ustadhi alinieleza kwamba kaburi hilo lilijengwa liwe la muda, siku moja mwenyewe ahamishiwe Jerusalem, mji aliotaka kuzikwa. Hata wafu wa huku wanasubiri makubaliano ya mwisho.

Makumbusho yaliyo jirani, yaliyofunguliwa mwaka 2016, yamehifadhi chumba alicholala wakati wa mzingiro: kitanda chembamba, kabati, hewa nzito. Nilisimama mlangoni pa chumba kile nikiwaza safari iliyomfikisha pale. Novemba 1974 aliingia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa akasema amekuja na tawi la mzeituni na bunduki ya mpigania uhuru, akawaomba wasiliache tawi lianguke. Mwezi huohuo PLO ikapewa kiti cha mtazamaji. Usiku wa kuamkia 15 Novemba 1988, mjini Algiers, Baraza la Taifa la Palestina likatangaza dola, kwa tamko lililoandikwa na mshairi Mahmoud Darwish.

Uzito wa tamko lile si rahisi kuuona kwa mgeni, na Ustadhi alinionyesha kwa kidole juu ya ramani ya zamani iliyokuwa ukutani kwake. Mwaka 1947 Umoja wa Mataifa ulipendekeza kuigawa Palestina, na Waarabu wakakataa. Mwaka 1988 PLO ilijenga dai lake juu ya azimio lilelile la mgawo, ikakubali Azimio 242 la Baraza la Usalama, na maana yake ilikuwa hii: tutajenga dola yetu Ukingo wa Magharibi, Gaza na Jerusalem ya Mashariki, ambavyo kwa pamoja ni asilimia 22 tu ya nchi iliyokuwa chini ya Waingereza. "Hiyo ilikuwa sadaka yetu kubwa," alisema. "Tulitoa asilimia 78 kabla ya kukaa mezani. Na walipokaa mezani wakaanza kujadiliana juu ya zile 22."

Novemba ileile ya 1988 Marekani ilimnyima Arafat viza ya kwenda New York, na mwezi uliofuata Baraza Kuu likafunga mizigo likamfuata Geneva. Oktoba 1991 ukaja mkutano wa Madrid. Wapalestina hawakuruhusiwa kuja kama ujumbe wao wenyewe, waliketi chini ya mwavuli wa Jordan. Aliyesema kwa niaba yao alikuwa Haidar Abdel-Shafi, daktari wa Gaza, mzee mwenye sauti ya upole. Ustadhi anakumbuka mtaa mzima ulivyokusanyika kwenye televisheni moja. Siku ya mwisho ya mkutano, vijana walikwenda kuwapa askari wa Israeli matawi ya mizeituni. Yeye mwenyewe aliliona kwa macho yake tawi limechomekwa kwenye kioo cha jipu la jeshi.

Jioni zetu zilikuwa za kahawa yenye hiliki, kama ya barazani kwetu, tofauti ni vikombe tu. Jioni moja nilimwambia jambo lililokuwa likinisumbua tangu darajani. Kwa Kiarabu, usalama ni amn, na amani ni salām. Sisi watu wa pwani tuliyapokea maneno hayo kutoka kwa mabaharia, tukayapangia vyumba kinyume: lile la amn likawa amani yetu, na mzizi wa salām ukatupa salama na usalama. Chombo cha Umoja wa Mataifa tunachokiita Baraza la Usalama, Waarabu wanakiita Majlis al-Amn, na mimi nikisikia jina hilo redioni kwake nilisikia Baraza la Amani.

Ustadhi aliweka kikombe chini. Alinitaka nirudie, nikarudia. Kisha akasema polepole: "Basi ninyi lugha yenu imefahamu kitu ambacho mezani hakikufahamika. Miaka yote wao wanasema amn kwanza, halafu salām. Sisi tunasema salām kwanza, na amn itakuja. Kila mmoja anasubiri lake litangulie. Kumbe ni nyumba moja."

Sikulala mapema usiku ule. Hofu ya Muisraeli si ya kubuni. Mabasi na mikahawa ililipuliwa Jerusalem na Tel Aviv miaka ya Oslo na ya intifada ya pili, maasi ya Wapalestina, na waliokufa walikuwa watu wa kawaida wanaokwenda kazini. Rabin aliuawa tarehe 4 Novemba 1995 na Muisraeli mwenzake aliyepinga makubaliano. Na kwa Wapalestina wenyewe nyumba ilipasuka: chama cha Hamas kilishinda uchaguzi wa bunge Januari 2006, mwaka uliofuata Gaza na Ramallah zikatengana kwa risasi. Abbas alichaguliwa kuwa rais Januari 2005 kwa muhula wa miaka minne, na hakujafanyika uchaguzi mwingine wa rais tangu hapo. Vijana niliozungumza nao Ramallah waliniambia wazi kwamba wanataka dola, lakini wanataka pia kuwachagua watakaoisemea. Mjumbe asiyepata kura nyumbani huongea kwa sauti dhaifu ugenini.

Tarehe 15, sikukuu ya tamko la Algiers, ofisi zilifungwa. Ustadhi alinipeleka kwenye uwanja wa Nelson Mandela, wenye sanamu ya mita sita iliyotolewa zawadi na jiji la Johannesburg mwaka 2016, ngumi juu. Nilisimama chini yake nikajikuta nasimulia mimi. Nilimsimulia Mazimbu, Morogoro, shule ya vijana wa ANC. Nilimsimulia Kongwa, Dodoma, kambi ya wapiganaji wa kusini, na Dar es Salaam, makao ya Kamati ya Ukombozi ya Afrika tangu 1963. Nilimsimulia zaidi Namibia. Mwaka 1976 Baraza Kuu liliitambua SWAPO kuwa mwakilishi pekee wa watu wa Namibia, na ulimwengu ukapiga makofi, na Afrika Kusini, iliyokuwa ikiitawala, haikutikisika. Mwaka 1978 Baraza la Usalama likapitisha Azimio 435 kuhusu uhuru wa Namibia. Uhuru ulikuja tarehe 21 Machi 1990, miaka 12 baadaye. Lakini ulikuja kwa kufuata karatasi ileile ya 435. Isingekuwapo karatasi, pasingekuwapo njia ya kupitia mlango ulipofunguka.

"Na nani aliufungua mlango?" Ustadhi akaniuliza.

Nikamjibu kwamba wapiganaji walichangia, vikwazo vilichangia, vita vya Angola vilichangia, na mataifa yaliyotia sahihi hatimaye yaliona haya kuendelea kutia sahihi bila kutenda. Akatikisa kichwa. "Sisi bado tunaisubiri hiyo haya."

Kesho yake nilikwenda Abu Dis, na picha niliyorudi nayo moyoni ni ya huko. Zamani, wanasema wenyewe, ulikuwa mwendo mfupi: Ramallah, Jerusalem, unateremka upande wa pili umefika. Leo sarvisi inauzunguka mji mtakatifu kwa mbali, inapita chini ya Ma'ale Adumim, makazi ya walowezi yenye paa nyekundu na miti ya kivuli, kisha inaingia Al-Eizariya, ile Bethania ya Lazaro. Oslo iliposainiwa, walowezi wa Ukingo wa Magharibi, ukiacha Jerusalem ya Mashariki, walikuwa laki moja na kidogo. Nilipopita mimi walikuwa wamezidi laki nne.

Abu Dis mtaa unapanda, halafu unakwisha ghafla. Ukuta wa zege wa mita nane umekatiza barabara, umeandikwa rangi na picha juu hadi mkono wa mchoraji ulipofikia. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni Julai 2004 kwamba ujenzi wake ndani ya ardhi inayokaliwa unakiuka sheria ya kimataifa. Karibu na ukuta huo limesimama jengo kubwa la mawe, ghorofa kadhaa, madirisha mengine hayana vioo, nyasi zimeota kwenye ngazi. Ni Bunge la Palestina.

Walianza kulijenga miaka ya tisini, moto wa Oslo ukiwa bado unawaka. Abu Dis iko umbali wa kilomita chache tu kutoka Msikiti wa Al-Aqsa. Katika mazungumzo yasiyo rasmi ya Mahmoud Abbas na Yossi Beilin, mwanasiasa wa Israeli, yaliyokamilika siku nne kabla ya Rabin kuuawa, kulikuwa na wazo kwamba mji mkuu wa Palestina ungeanzia upande huu. Hati hiyo haikutiwa sahihi na mtu. Yakaja mazungumzo ya Camp David Julai 2000, yakavunjika. Ikaja intifada, mafundi wakashuka kwenye jukwaa, hawakupanda tena. Halafu ukuta ukalipita jengo ubavuni.

Ng'ambo ya barabara kuna duka dogo. Mwenye duka, mtu wa makamo, alinipa kiti na chai ya majani ya maramiya, akakataa pesa. Alinisimulia kwamba alikuwa kijana mdogo walipochimba msingi. Baba yake aliagiza mashine ya kahawa kutoka Jerusalem, akisema wabunge ni watu wa kuongea na waongeaji ni wanywaji. Mashine ilikuwa bado ipo. Alinionyesha: imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, pembeni imefutwa vumbi asubuhi ileile. Imewahi kuwauzia kahawa mafundi, wanafunzi wa chuo kikuu cha jirani, na wapita njia. Mbunge haijawahi kumuuzia hata mmoja.

Nikamwuliza kwa nini hakuiuza. Akanitazama kwa mshangao. "Jengo limesimama," akasema.

Niliondoka siku chache kabla ya tarehe 29 Novemba. Siku hiyo ina uzito wake. Ndiyo siku ya azimio la mgawo la 1947. Umoja wa Mataifa umeifanya siku ya mshikamano na Wapalestina. Na mwaka 2012, siku hiyohiyo, Baraza Kuu liliipa Palestina hadhi ya dola mtazamaji isiyo mwanachama kwa kura 138 dhidi ya 9, nchi 41 zikijizuia. Ustadhi alinisindikiza hadi stendi, akanipa chupa ya mafuta iliyofungwa kwa gazeti. Darajani kile kikaratasi cha samawati kilikaguliwa mara ya mwisho, na pasipoti yangu ikarudi mkononi bila alama yoyote kwamba nimewahi kufika Palestina.

Yaliyofuata kila mtu anayajua. Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas iliingia Israeli, watu wapatao 1,200 wakauawa na wengine kama 250 wakachukuliwa mateka. Vita vilivyoshuka Gaza viliua watu zaidi ya 60,000 ndani ya miaka miwili, kwa hesabu ya Wizara ya Afya ya huko, na kuacha miji mizima vifusi. Na katikati ya mazishi hayo diplomasia ilitembea kuliko ilivyotembea kwa miongo. Aprili 2024 nchi 12 kati ya 15 za Baraza la Usalama ziliunga mkono uanachama kamili, Marekani ikaupinga kwa kura ya turufu. Mei, Norway, Ireland na Hispania zikaitambua Palestina. Julai, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema kuendelea kwa Israeli kuwapo katika ardhi inayokaliwa ni kinyume cha sheria na kukome haraka iwezekanavyo. Septemba 2025 zikafuata Uingereza, Kanada, Australia, Ureno na Ufaransa, na idadi ya nchi zinazoitambua ikapita 150.

Nchi yangu ilitangulia. Tuliitambua Palestina Novemba ileile ya 1988, wino wa Algiers haujakauka. Nimekuwa nikijivunia jambo hilo, na bado najivunia. Lakini tangu Abu Dis najua kwamba kuitambua dola ni kutoa ahadi, na kwetu ahadi ni deni. Anayesema "nakutambua" amekubali kudaiwa: kwamba atauliza juu ya kila nyumba mpya inayojengwa kwenye ardhi ya huyo aliyemtambua, atauliza juu ya uchaguzi usioitishwa, atauliza juu ya usalama wa yule jirani wa upande wa pili ili naye apate sababu ya kuachia mlango. Deni hilo halipungui kwa kulirudia mbele ya vipaza sauti kila tarehe 29 Novemba.

Usiku ule Uingereza ilipotangaza, nilimpigia simu Ustadhi. Nyuma yake nilisikia redio na watu wengi sebuleni. Alifurahi, alinipa majina ya nchi moja baada ya nyingine, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Kisha sauti ikashuka. Msimu wa zeituni ulikuwa unakaribia, akasema, na tangu vita vianze hajaruhusiwa kufika kwenye miti yake hata siku moja. Mafuta waliyokuwa wakila yalikuwa ya kununua.

"Waambie wenzako tumezipokea sahihi zao, na Mungu awalipe," alisema. "Lakini mimi mwanangu, dola nitaitambua siku nitakayokwenda kuchuma zeituni bila kuomba ruhusa, nichume mpaka zile za juu."